Neptuni Imegoma

Siku Madam Julieth alipogawa sayari, watu wazima waligombania Dunia kama watoto wanavyogombania ukoko. Dafrosa peke yake ndiye aliyeomba Neptuni. Alinyoosha mkono, tena si sana, ukaishia sikioni kama wa mtu anayejikuna.

"Neptuni?" Madam Julieth alishangaa. "Unajua iko wapi hiyo? Kule kwenye bani la kukaushia tumbaku, karibu na kwenu Itetemia. Utakaa peke yako asubuhi nzima."

"Ndiyo, Madam."

"Na watu wakifika, utawaeleza?"

"Ndiyo, Madam," akajibu Dafrosa, macho kwenye vidole vyake vya miguu. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Watu wangeanzia mjini, kwenye jua, wakapita sayari nyingine zote kwanza. Kufika kwake wangekuwa wachache na wamechoka, na mtu aliyechoka haulizi maswali.

Dafrosa hakuwa bubu, ingawa wapo majirani waliowahi kudhani hivyo. Alikuwa na maneno machache tu, na hayo machache yalimtoka kwa kuchelewa, wenzake wakiwa wameshahamia habari nyingine. Sokoni alinunua nyanya kwa kuonyesha kidole. Kanisani aliimba vizuri sana, kwa kuwa watu wakiimba wengi hakuna anayejua sauti ipi ni ya nani.

Aliingia katika mambo ya sayari kwa sababu ya kihenge. Madam Julieth alifundisha sayansi katika shule moja ya msingi mjini Tabora, na alikuwa amechoka kuchora sayari ubaoni zimebanana kama sahani kabatini. Alitaka watoto waujue umbali kwa miguu yao. Akaamua kulipanga jua na sayari zake zote kwenye barabara ya zamani ya misafara, ile ya vumbi inayotoka mjini, ambayo wapagazi waliipita na pembe za ndovu kabla reli haijafika. Hatua moja ndefu ya mtu mzima barabarani ingekuwa kilomita milioni moja za angani. Kwa kipimo hicho jua lilitakiwa liwe pana kiasi cha mtu kujikunja ndani yake akalala. Madam alizunguka mji mzima akitafuta kitu cha duara cha namna hiyo, mpaka alipofika kwa kina Dafrosa na kukuta kihenge cha mama mtu kimekaa uani bila kazi, maana siku hizi mahindi yanawekwa kwenye magunia. Akakipima. Akaruka.

"Mama Dafrosa, hili ni jua!"

"Hicho ni kihenge, mwalimu," mama akasema. "Ila kama kwako ni jua, lichukue tu. Hata panya wamelihama."

Dafrosa ndiye aliyekipaka rangi ya njano. Alipomaliza, Madam akamwomba amtafutie na Dunia. Dunia ilitakiwa ilingane na njugu mawe moja, basi Dafrosa akachagua iliyo duara kuliko zote chunguni. Hiyo Raymundi aliitafuna siku ya mazoezi. Raymundi alikuwa seremala, mtu mkubwa, mpenda watu, na alikuwa amepewa kulinda Mshtarii.

"Sasa nani anaweka njugu moja mezani?" alijitetea. "Moja! Nilidhani ni ya kuonja."

Dunia ya pili ikawa mbichi, imepakwa rangi, na Raymundi akawekwa mbali nayo. Mshtarii yake ilikuwa kibuyu. Zohali nayo ilikuwa kibuyu, kidogo zaidi, kimevishwa ukingo wa ungo kiunoni. Uranusi na Neptuni Dafrosa aliziumba kwa udongo wa mfinyanzi, kila moja kama limau, akazikausha na kuzipaka buluu ya kufulia.

Lipo jambo moja ambalo hakumwambia mtu. Dafrosa aliachia shule darasa la tano, tena katikati ya kipindi. Mwalimu alikuwa amechora jua ubaoni, akaandika Zebaki, akaandika Zuhura, na hapo mjomba akatokea dirishani kusema mama ameugua na mtoto anahitajika nyumbani. Dafrosa akafunga daftari akatoka. Mama alichukua muda kupona, wadogo zake walitaka kupikiwa, mwaka ukaisha, na mwingine ukaisha. Kwa hiyo miaka yote hiyo, kichwani mwake, jua lilikuwa na sayari mbili tu, na baada ya Zuhura kulikuwa na dirisha. Sasa alizijua zote kwa majina, nyingine alizitengeneza mwenyewe. Lakini kuziona zimepangwa moja baada ya nyingine, mpaka mwisho, bado. Alitaka kile kipindi kiishe. Hilo tu.

Na Madam Julieth, bila kujua anagusa nini, alimkabidhi kengele ya mkono ya shule, ya shaba, nzito kama nyundo.

"Tukifika kwako na watoto, piga," alimwambia. "Hapo ndipo kipindi kinaisha."

Siku yenyewe, Jumamosi, Dafrosa aliwahi kwenye bani. Aliweka kigoda pembeni ya barabara, akatandika kanga mpya, akaiweka Neptuni juu yake. Upepo wa Julai ulikuwa unapeperusha vumbi kuelekea mjini. Kengele akaiweka miguuni. Kisha akaanza kujizoeza maneno yake: "Karibuni Neptuni. Hapa ndipo mwisho." Hakuwa na mwingine wa kumwambia ila mbuzi aliyefungwa hapo, na mbuzi alisikiliza kwa adabu, halafu akarudia majani yake.

Wanawake wawili wakapita na kuni kichwani.

"Shikamooni," akasema Dafrosa.

"Marahaba, mwanangu. Unauza nini?"

"Siuzi, mama."

"Na hilo limau la buluu?"

"Ni Neptuni."

"Inaliwa?"

"Hailiwi."

"Ni dawa?"

"Si dawa, mama."

Mwenye mzigo mkubwa akamgeukia mwenzake, taratibu kwa sababu ya kuni. "Umesikia? Haliliwi, si dawa, haliuzwi, na limetandikiwa kanga mpya. Mimi kwa yule bwana sijawahi kutandikiwa hata gunia."

Wakaenda zao wakicheka. Dafrosa naye akacheka, walipokuwa wameshafika mbali.

Jua la kweli likapanda. Watu walitakiwa wawe wamefika kabla ya adhuhuri, lakini kivuli cha bani kilifupika mpaka kikajificha chini ya ukuta na barabara ilikuwa tupu. Mwanzoni Dafrosa aliona raha. Baadaye akaona ameinyoosha ile kanga mara nyingi kuliko kanga inavyohitaji kunyooshwa. Akasimama, akatazama barabara. Akakaa. Akasimama tena. Alichagua mahali ambapo watu hawatafika, na sasa hawakuwa wamefika, na kumbe haikuwa tamu hata kidogo.

Kilichotokea ni pikipiki. Mpanda pikipiki alikuwa Humaidi, kijana wa Mzee Badar. Mzee Badar ndiye mlinzi wa Zohali, kwa sababu Zohali, ilipopimwa, ilianguka mbele ya nyumba yake. Babu zake walikuja na misafara kutoka Maskati, wakafungua duka, na hawakuona sababu ya kuendelea na safari. Barazani kwake kahawa chungu na kashata hazikauki, na wanaopita pale wakiwa na haraka ni wageni wa mji.

"Dada, nipe Neptuni," Humaidi akasema bila kushuka. "Na kengele. Nimetumwa."

"Umetumwa na nani?"

"Na sayari. Ziko nyumbani kwetu zinakunywa kahawa."

Dafrosa akamtazama asielewe, na Humaidi, aliyekuwa na maneno ya kutosha watu wawili, akamweleza. Raymundi alikaa peke yake na Mshtarii yake kwa kitambo, akaona haya ni mateso. Mtu mzima atakaaje barabarani asubuhi nzima bila wa kupiga naye soga, kama amefanya kosa? Akakitia kibuyu kwapani, akaenda kwa Mzee Badar. Huku upande wa pili, Shilinde, fundi baiskeli, Msukuma aliyepewa Uranusi, naye akafika kwa ajili ya kikombe kimoja tu, Uranusi ikiwa mfukoni. Watoto na wazazi wao walipofika Zohali walikuta sayari tatu juu ya mkeka mmoja, zimezungukwa na kashata. Basi wakakaa. Nani asingekaa?

"Wanasema wameziona tatu kwa mpigo, imebaki moja," Humaidi akamalizia. "Nayo iletwe kwa pikipiki, kengele ipigwe, watu wakale."

"Madam amesema hivyo?"

"Madam hasemi kitu. Madam amekaa ngazini ameshika kichwa. Baba ndiye aliyesema. Haya lete, dada. Au panda kabisa, ukanywe kahawa."

Dafrosa aliitazama Neptuni juu ya kanga. Kukubali kulikuwa rahisi. Maisha yake yote alikuwa amekubali, kwa kuwa ndiyo ni neno fupi na halikuletei swali la pili. Mjomba alipotokea dirishani alisema ndiyo. Sasa alikiona kipindi chake kikiishia barazani kwa watu, sayari zimerundikana kwenye mkeka kama zilivyorundikana ubaoni, halafu watu wakale.

"Hapana," akasema.

Humaidi akadhani ni injini. Akaizima. "Unasemaje?"

"Hapana. Haitoki."

"Dada yangu, hili ni donge la udongo."

"Ikikaa hapa ni Neptuni. Nikikupa ni limau la buluu."

Humaidi akakuna kichwa juu ya kofia. "Sasa mimi nikirudi mikono mitupu nikamwambie nini baba? Wewe humjui baba yangu. Atanisema mpaka Idi."

Hapo maneno yakamwishia Dafrosa. Alitafuta la heshima la kumpelekea mzee wa watu, hakulipata, na lililomtoka lilimshangaza hata yeye.

"Mwambie Neptuni imegoma."

"Imegoma?"

"Imegoma. Anayeitaka aifuate."

Humaidi alicheka mpaka pikipiki ikakataa kuwaka mara mbili. Kisha vumbi likamfunika, na Dafrosa akabaki amesimama barabarani. Amemkatalia Mzee Badar! Mtu mwenye mvi hata kwenye nyusi! Alifikiria kumkimbiza Humaidi na kumpa kila kitu, kanga na kigoda pamoja. Mbuzi alikuwa ameacha kula, anamtazama.

"Usinitazame," Dafrosa akamwambia.

Alikaa. Alijiambia kwamba hakuna atakayekuja, na kwamba jioni ataichukua Neptuni yake aende nayo nyumbani, na kengele ataipeleka shuleni Jumatatu, kimya kimya, aiache mlangoni. Alikuwa bado anachagua ni mlango upi aliposikia kelele za watoto.

Kwanza walitokea wale wa mbio, wamevua viatu, wanapiga kelele, "Iko wapi iliyogoma? Iko wapi?" Nyuma yao wazazi wanafuta jasho. Nyuma ya wazazi Raymundi na Shilinde, kila mmoja na sayari yake, kama watu wanaorudisha kuku wa jirani. Na katikati ya wote mwavuli mweusi, chini ya mwavuli Mzee Badar, kanzu imekuwa rangi ya barabara, Zohali kwapani na birika mkononi.

"Binti!" akaita toka mbali. "Wewe ndiye uliyeninyanyua barazani kwangu?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, marahaba. Unaniua, halafu unaniamkia." Akatafuta jiwe la kukalia. "Wallahi sijatembea hivi tangu nioe."

Madam Julieth alifika akihema na kucheka. "Dafrosa, nimewahubiria nikachoka, hakuna aliyeinuka. Nikawaambia wapagazi walitoka hapa mpaka pwani na mizigo kichwani, wakaniambia wapagazi walilipwa. Humaidi akasema Neptuni imegoma, baraza lote likasimama."

"Mimi sikushangaa," Shilinde akadakia, akiegemea baiskeli. "Mnyamwezi akishakaa chini haondoki. Ndiyo maana ile misafara ya zamani ilipigiwa ngoma kwanza. Bila ngoma, pembe zingekuwa Tabora mpaka leo."

Watu wakacheka na kumgeukia Dafrosa. Yeye ni Mnyamwezi, Shilinde Msukuma, mtani wake, na mtani akikurushia neno huwezi kuliacha lianguke chini. Hata bubu angejibu.

"Afadhali sisi tunaokaa," Dafrosa akasema. "Msukuma amepewa sayari moja tu kuchunga, ameipeleka kwenye kahawa. Ng'ombe wa kwenu wako hai kweli?"

Kicheko kilichofuata kilimkimbiza mbuzi mpaka mwisho wa kamba yake. Raymundi alilazimika kuweka Mshtarii chini ili acheke kwa nafasi. "Umepatikana!" alimwambia Shilinde. "Leo umepatikana, tena na mtu asiyesema!"

Watoto wakasogea, wakaizunguka Neptuni. Sasa ndiyo ilikuwa zamu ya maneno aliyojizoeza, na hakukumbuka hata moja. Akaangalia vidole vyake vya miguu. Kisha akaangalia barabara.

"Geukeni nyuma," akasema. "Jua liko wapi?"

Wakageuka. Barabara ilikwenda, ikapinda, ikaingia kwenye miti, na huko mbali kulikuwa na mabati ya mjini yanayometameta. Kihenge hakikuwepo popote.

"Halionekani," akasema msichana mmoja.

"Lipo."

"Kwani ni mbali hivyo?"

"Si mmetembea wenyewe?"

"Ni mbali," Mzee Badar akathibitisha kutoka kwenye jiwe lake. "Mimi ni shahidi."

"Na nani anakaa hapa?" mtoto mwingine akauliza.

Dafrosa akafikiri. "Leo, mimi."

Wakaridhika. Waliitazama Neptuni, wakaitazama barabara, wakaitazama tena Neptuni, na kelele zikapungua zenyewe. Madam Julieth akamwashiria kengele. Dafrosa akaiinua. Halafu akaushika ulimi wa kengele kwa mkono wa pili, usilie.

"Bado," akasema.

"Bado nini tena?"

"Mimi sijapita, Madam. Nimeanzia mwisho." Sauti ilipungua, lakini haikuisha. "Shuleni niliishia Zuhura."

Madam Julieth aligeuka, akapiga makofi kama yuko mstarini asubuhi.

"Mmesikia? Kipindi hakijaisha! Kila sayari irudi mahali pake, sasa hivi, na mlinzi wake. Shilinde! Raymundi! Nikikuta hata moja imetangatanga, nitaandika majina!"

Shilinde akarukia baiskeli. Raymundi akapanda pikipiki ya Humaidi na kibuyu chake, na Mzee Badar akasema kama Zohali inarudi na yeye anarudi nayo, hivyo wakapanda mishikaki, watu watatu, vibuyu viwili, birika na mwavuli, wakaondoka wakiyumba. Ilibaki Neptuni, haikuwa na wa kuiangalia. Kwa bahati wale wanawake wa kuni walikuwa wanarudi mikono mitupu.

"Mama, naomba mniangalizie hii," Dafrosa akasema.

"Bado haliliwi?"

"Bado, mama."

"Basi liko salama," akasema yule wa mzigo mkubwa, akakaa kwenye kigoda, Neptuni kwenye paja, miguu kwenye kivuli kidogo kilichoanza kurudi.

Wakatembea. Wazazi walinung'unika, lakini walikuwa wanakwenda kwao, kwa hiyo hawakuwa na pa kupeleka manung'uniko. Dafrosa alitangulia na kengele. Kwa muda mrefu hakukuwa na kitu, barabara na mashamba yaliyovunwa tu, na akaelewa kwa nyayo zake kwamba hicho kisichokuwepo nacho kilikuwa sehemu ya somo. Ndipo Shilinde akatokea mbele, wima kando ya baiskeli kama askari, Uranusi juu ya tandiko.

"Iko malishoni," akaripoti. "Haijapungua."

Kwa Mzee Badar waliruhusiwa kunywa kwa kusimama. Mzee alikuwa amerudi kwenye kiti chake na alikuwa anawaeleza wapita njia habari za Neptuni kama mtu aliyeishi huko. Mshtarii ilikuwa na Raymundi peke yake, amenuna, na watoto wakamwonea huruma wakampa kashata. Baada ya hapo mambo yakaja harakaharaka. Mirihi. Dunia, nzima, haijatafunwa. Na hatua chache mbele yake, juu ya kigoda, njugu mawe nyingine, nyeupe.

Dafrosa akasimama. Kutoka Zuhura jua lilionekana lote, kubwa, la njano, limekaa kiwanjani. Yeye ndiye aliyelipaka rangi, lakini hajawahi kulitazama kutoka hapo. Akageuka. Nyuma yake barabara ilikwenda na sayari zake, kila moja mahali pake, na hata zile ambazo hakuweza kuziona alijua ziko wapi na nani amekaa nazo.

"Sasa?" Madam Julieth akauliza.

"Sasa."

Kengele ilikuwa nzito kuipiga kuliko kuibeba, ikabidi aishike kwa mikono miwili. Akaipiga mpaka mbwa wa jirani wakaitikia. Watoto hawakungoja ruhusa. Walitimka mbio kuelekea kwenye kihenge, kama watoto wanavyotimka kipindi kikiisha, na Dafrosa, kengele bado inalia mikononi mwake, akatimka nao.